Kwa wewe uliyeingia juzi katika kikundi chetu cha kusoma

Karibu sana. Tunakutana Jumamosi alasiri hapa Katuba, mjini Lubumbashi, na kila mara tunapata sura mpya: wanafunzi wa UNILU, yaani Chuo Kikuu cha Lubumbashi, walimu wa sekondari, akina mama wa sokoni, vijana wanaotoka machimboni. Wengi wanafika wakiwa wamesoma vizuri na wana la kusema moyoni. Zamu yao ikifika, wanasema "ni kizuri, kimenifurahisha", halafu wananyamaza. Naandika haya kwa ajili yao, na kwa ajili yako, maana kikundi kinakuhitaji useme zaidi ya hapo.

Ukisema kitabu ni kizuri au kibaya, tuonyeshe mahali. Fungua sura, soma mistari michache, kisha utueleze ilikufanya nini. Hili nalisisitiza kuliko yote mengine.

Chukua Tram 83, riwaya ya Fiston Mwanza Mujila, mtoto wa hapa Lubumbashi, iliyotoka mwaka 2014. Kila inapoletwa kundini hakosekani mtu wa kukasirika: maneno yanajirudia mno, orodha za watu haziishi, mwandishi anatuchosha bure. Hasira hiyo ni halali, ila ikiachwa hewani hakuna wa kuijibu. Kijana mmoja aliyekuwa akilalamika hivyo tulimwomba afungue palipomchosha. Akafungua ndani ya baa, watu wanazungumza, na wasichana wanakuja kuwakatiza kwa kuwauliza saa. Mazungumzo yanasogea kidogo, wanaulizwa saa tena. Alisoma kwa sauti, kwa ukali, kama mtu anayetoa ushahidi mbele ya hakimu. Swali lilipojirudia watu wakaanza kucheka, naye mwenyewe akacheka. Ndipo mama mmoja aliyewahi kuuza chakula usiku nje ya baa akasema: "Ni vile vile. Mahali pale hakuna mtu anayemaliza neno lake."

Kijana hakubadilika akawa mpenzi wa kitabu. Mpaka leo anaona orodha ni ndefu mno, na mimi nakubaliana naye kwa baadhi ya kurasa. Lakini sasa alijua anabishana na nini. Mwandishi aliamua kutuwekea kelele za mji wa madini ndani ya sentensi zake. Je, kelele hizo zinastahili kurasa zote zile? Juu ya hilo tulibishana mpaka umeme ukakatika, tukaendelea kwa mwanga wa simu.

Hapo unaona pia kwa nini tunasoma kwa sauti. Maandishi mengine hayafunguki kwa macho peke yake. Mwaka 1965 André Yav aliandika historia ya mji wetu, enzi zile bado ukiitwa Élisabethville, kwa niaba ya watu waliokuwa wafanyakazi wa nyumbani kwa Wazungu. Aliiandika kwa Kiswahili chetu cha huku, na iliitwa Vocabulaire de ville de Elisabethville. Mtaalamu Johannes Fabian aliichapisha pamoja na maelezo mwaka 1990. Maneno yamegawanywa kwa namna isiyofuata kanuni za shuleni, na ukiyapitia kimya utaona kama fumbo. Fabian mwenyewe alihitaji mtu wa Lubumbashi, Kalundi Mango, amsomee kwa sauti ndipo sentensi zikajipanga. Ukipata fotokopi yake, keti na mzee wa nyumbani kwenu mmoja asome, mwingine asikilize.

Kuhusu lugha, usijibane. Vitabu vyetu vingi ni vya Kifaransa, na kuna wanaodhani maoni ya kitabu cha Kifaransa lazima yatolewe kwa Kifaransa cha mtihani. Soma mistari katika lugha iliyoandikwa, halafu zungumza kwa Kiswahili unachozungumza nyumbani. Nimeona watu waliokuwa wakijikwaa kwenye kila sentensi wakawa wasemaji hodari siku waliyoacha kutafuta maneno makubwa.

Sasa wahusika. Hapa wageni wengi wana haraka ya kuhukumu: huyu mbaya, yule mwema, basi. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyepata Tuzo ya Nobel ya fasihi mwaka 2021, ana riwaya ya Paradise ya mwaka 1994, ambayo Ida Hadjivayanis ameitafsiri kwa Kiswahili kwa jina la Peponi. Yusuf yumo katika mwaka wake wa kumi na mbili anapochukuliwa na tajiri Aziz kwa sababu ya deni la baba yake. Kwake ni Mjomba Aziz, mtu mpole, mwenye kunukia, ambaye akija nyumbani humwachia sarafu. Mapema tu, Khalil anayefanya kazi dukani kwa Aziz anamwambia wazi kwamba yule si mjomba wake.

Mtu akisema "Aziz ni mwizi wa watoto", amesema kweli, na ametufungia mlango. Rudi kwenye ile sarafu. Mtoto anaipokeaje? Baba yake, anayejua anadaiwa kiasi gani, anasema nini, na ananyamazia nini? Tulipouliza hivyo, watu walianza kuzungumza juu ya madeni: ya dukani, ya karo, ya msiba, na juu ya nani ndani ya nyumba huishia kuyalipa. Tena msafara wa Aziz unaelekea bara, ng'ambo ya ziwa Tanganyika, yaani unakuja upande wetu. Kwa msomaji wa pwani huko ni mbali na kwa kutisha. Sisi tunasoma tukiwa tumesimama kule wanakoogopa kufika, na hilo ni jambo ambalo wewe unaweza kulisema vizuri kuliko mhakiki yeyote wa Ulaya. Liseme.

Kitabu kinaishaje sikuambii. Nawe usiwaambie wenzako kabla hujauliza nani bado anasoma.

Utafika wakati utatofautiana na mkubwa. Tunao papa, yaani wazee wetu, waliofundisha miaka mingi, na kijana akisikia papa ametoa neno anafunga kitabu chake. Usifunge. Heshima haikuzuii kusema, "Papa, nimekusikia, ila naomba turudi sura ya kwanza ya Peponi, pale mtoto anapofika dukani." Ukishamwonyesha mstari, mnatazama karatasi pamoja, na wazee wetu wengi hufurahi kuona kijana amesoma kwa makini. Atakayenuna, mwachie nafasi. Jumamosi ijayo atarudi na hoja nzuri zaidi.

Kama hukumaliza kitabu, sema umefika wapi, kisha ongea juu ya kurasa ulizosoma. Muhtasari ulioutoa kwenye intaneti uuache huko huko. Tunautambua haraka, kwa sababu una habari zote na hauna hata mahali pamoja palipokugusa.

Nina ombi moja juu ya vitabu vyenyewe. Nakala ni chache na bei inaumiza, hivyo kitabu kimoja kinapita mikono mingi, na wengine wanasoma fotokopi zenye namba nyingine kabisa za kurasa. Kwa hiyo taja sura na tukio, wala usitegemee namba ya ukurasa. Alama zako ziandike kwenye daftari: jina la kitabu, sura, maneno machache ya mstari uliokushika, na swali lako chini yake. Usipige mstari kwa kalamu ndani ya kitabu cha kikundi, maana atakayekipokea baada yako ataanza kusoma pale ulipopapenda wewe kabla hajapata pake. Na ukimaliza, usikae nacho. Mpelekee anayefuata kwenye orodha, hata katikati ya wiki, ili Jumamosi naye awe na la kusema.