Andika kama unamjibu mtu dirishani

Juzi dada mmoja kanitumia meseji inboksi, "kaka nipe siri ya kuandikia kampuni websaiti, mbona wewe unapata kazi na mimi natuma sampuli hawajibu?" Nikazifungua hizo sampuli. Kiswahili anakijua, hilo sibishi, ila aya ya kwanza tu ina "katika kuhakikisha kwamba" na "nyanja mbalimbali", nimefika kwenye nukta sijajua kampuni inauza nini.

Mimi nilianzia SACCOS moja hapa Dar, dirishani, kujibu wanachama. Maswali yalikuwa yaleyale, nije na nini, nitapata kiasi gani, lini. Na majibu yalikuwepo kwenye websaiti! Ila yameandikwa hivi: "Mwanachama anayekusudia kunufaika na huduma ya mkopo anatakiwa kuwasilisha nyaraka husika kwa ajili ya kufanyiwa uhakiki kabla ya kuendelea na hatua zinazofuata." Nyaraka husika ndo zipi sasa? Mtu katoka Mbagala kapanda daladala, anafika hana barua ya mtaa, anarudi kapoteza siku na nauli. Nikaandika upya: "Ukitaka mkopo, njoo na kitambulisho cha NIDA, barua ya serikali ya mtaa na wadhamini wawili. Tunakagua hapohapo." Nikampelekea bosi. Akaisoma kwa sauti kwenye kikao, akacheka, eti lugha ya sokoni, taasisi itaonekana ya kihuni, na wenzangu nao wakacheka, kuna mmoja mpaka leo tukikutana ananiita Mzee wa Sokoni. Sijasahau bwana.

Ya katikati nayaruka, niliacha kazi, nikahangaika, maisha ndo hayo. Mwezi uliopita kampuni nyingine ya mikopo imenilipa niandike kurasa zao zote kwa lugha hiyohiyo ya sokoni, na binti anayepokea simu pale kaniambia siku hizi wanaopiga wameshajua waje na nini, wanauliza tarehe tu.

Na wala sijaligundua mimi. Marekani wana sheria kabisa, Obama aliisaini 2010, ofisi za serikali kuu ziwaandikie wananchi lugha inayoeleweka. Kwenye GOV.UK, websaiti ya serikali ya Uingereza, waandishi wanaambiwa sentensi ikizidi maneno 25 waangalie kama inaweza kukatwa. Ila huna haja ya kwenda mbali, fungua menyu ya M-Pesa uiangalie. Tuma pesa. Weka kiasi. Weka namba ya siri. Kitenzi kiko mbele, hakuna "mteja anatakiwa", na bibi yangu ambaye gazeti hasomi anatuma hela mwenyewe.

Kwa hiyo kabla hujaandika chochote kaa na mtu wa mapokezi, muulize watu wanauliza nini, halafu andika hayo maswali kwa maneno yaleyale wanayouliza nayo, jibu liwe sentensi ya kwanza. Historia ya kampuni na dira na dhamira weka chini huko, au ukurasa wake. Sentensi fupi. Nasema tena, fupi! "Kufanyiwa uhakiki" ni kukaguliwa, basi, na kama kuna bei itaje, mambo ya "bei nafuu" kila mtu anaandika.

Vijana tunapenda kuonekana wasomi, hapo ndo tunapofeli. Anayesoma ni mama ntilie ana bando la jero, kioo cha simu kimepasuka, wateja wanamsubiri, unataka apitie aya nne ndo ajue mnafungua saa ngapi? Mheshimu. Usomi wako hajauomba.

Halafu jamani namba ya simu msiiweke ndani ya picha. Iandike kawaida mtu aibonyeze ipige, maana hizo posta zenu za rangi ni nzuri kweli ila mtu anaishia kutafuta kalamu ainakili pembeni, akikosea tarakimu moja anampigia fundi makenika wa Tabata.