Gari Linalojizima Kwenye Foleni: Maswali Yenu ya Mwezi Huu

Magari madogo ya Japani ya kuanzia miaka ya 2010 yamejaa Arusha na Moshi, na mengi yamekuja na mfumo wa kuzima injini gari likisimama na kuiwasha dereva akiachia breki. Barua za mwezi huu karibu zote zinauliza habari ya mfumo huo. Tumechagua tano.

SWALI: Nina Vitz ya 2014, CC 1000. Nikisimama kwenye mataa ya Sanawari injini inazima, nikiachia breki inawaka. Kuna kitufe cha kuuzuia mfumo lakini kila nikiwasha gari lazima nikibonyeze upya. Nataka niufunge moja kwa moja, nikiwa nyumbani, bila kuharibu kitu. (Msomaji, Njiro, Arusha)

JIBU: Anza na mguu kabla ya bisibisi. Magari mengi ya otomatiki yenye mfumo huu husubiri breki ikanyagwe kwa nguvu baada ya gari kusimama kabisa. Kwenye barabara tambarare, ukikanyaga kiasi cha kulishikilia tu lisitambae, injini inaendelea kunguruma. Ukishauzoea mguu wako, huenda usihitaji kazi nyingine yoyote. Mlimani usifanye hivyo, kanyaga breki sawasawa.

Kama bado unataka kuufunga, elewa kwanza kitufe chenyewe. Kile chenye herufi A iliyozungukwa na mshale hakifanani na swichi ya taa ya sebuleni, ambayo hubaki ulipoiacha. Kinagusanisha nyaya mbili kwa muda ule tu kidole kiko juu yake. Kompyuta ya gari inapata ishara, inausimamisha mfumo, na ukizima gari inasahau. Unachohitaji ni kitu cha kukibonyeza kwa niaba yako kila gari linapowashwa.

Kinauzwa kifaa kidogo cha kazi hiyo, chenye soketi dume upande mmoja na jike upande wa pili, kinachokaa kati ya kitufe na waya zake. Hakuna kukata wala kuunga. Unapokiagiza, usiseme “Vitz” peke yake. Taja mwaka na herufi za mwanzo za namba ya chesisi (Vitz ya CC 1000 ya kizazi hicho ni KSP130), kwa sababu soketi hubadilika kizazi hadi kizazi.

Ukikikosa, inatosha relei ya muda ya volti 12 (swichi ndogo inayofungwa na kuachiwa kwa umeme), ya aina inayosubiri sekunde unazopanga kisha inafunga kwa muda mfupi na kuachia. Ongeza waya wa milimita mraba 0.5 kama mita mbili, kichukulio cha umeme cha kuchomeka kwenye sanduku la fyuzi chenye fyuzi ya ampea 3, na multimita (kipima umeme). Zima gari, toa ufunguo. Paneli ya kitufe inashikwa na klipu za plastiki tu. Ibanjue taratibu na kipande cha plastiki au bisibisi bapa iliyofungwa kitambaa. Asubuhi ya Julai, kwa baridi ya Arusha, plastiki hizo huwa kavu na ngumu na klipu zinakatika kirahisi, kwa hiyo fanya kazi hii mchana, gari likiwa limekaa juani kidogo. Ukikuta soketi au waya wa manjano, acha hapo hapo: hizo ni za mifuko ya hewa, na anayezigusa lazima kwanza afungue hasi ya betri na kusubiri si chini ya sekunde 90.

Kitufe kikishatoka, kichomoe kwenye soketi yake. Kina pini zaidi ya mbili, kwani nyingine ni za taa. Weka multimita kwenye mlio, pima pini mbili mbili huku ukibonyeza na kuachia. Jozi inayolia ukibonyeza na kunyamaza ukiachia ndiyo unayoitaka. Waya mbili za jozi hiyo ndizo zinazounganishwa na mguso wa relei, ule unaokuwa wazi relei ikiwa imelala. Relei yenyewe ipe umeme kutoka fyuzi inayowaka ufunguo ukiwa kwenye ON na kufa ukizima, na ethi yake ifunge kwenye boliti ya bodi iliyo tupu bila rangi. Panga isubiri sekunde 8 hadi 10, maana gari linaweza kuupuuza mbonyezo unaokuja kabla injini haijawaka. Kufunga, nusu sekunde inatosha magari mengi. Unga waya kwa lehemu na uzifunike. Zile klipu za kubana waya bila kuzimenya zinalegea kwa mtikisiko wa barabara za vumbi, na baada ya miezi mitatu utakuwa unatafuta kosa lisiloonekana.

Kosa kubwa kuliko yote ni kupeleka volti 12 za betri kwenye waya wa kitufe. Waya ule unatoka kwenye kompyuta na unabeba mkondo mdogo sana. Relei inatakiwa kuzigusanisha zile waya mbili tu, isiongeze umeme wowote wa kwake. Kosa la pili ni kuziunganisha moja kwa moja kwa kipande cha waya. Kompyuta inasubiri kuona kitufe kikibonyezwa na kuachiwa. Kikikaa kimebonyezwa siku zote, ama itakipuuza ama itakuwashia taa ya hitilafu.

SWALI: Gari langu ni Mazda Demio ya 2015. Fundi alichomoa soketi iliyo kwenye kufuli ya boneti, akasema dawa ndiyo hiyo. Kweli halizimi tena, lakini kuna taa ya chungwa inamulika kwenye dashibodi. Ni hatari? (Msomaji, Majengo, Moshi)

JIBU: Fundi hakukosea kabisa. Mfumo huu haukubali kuzima injini boneti likiwa wazi, ili injini isije ikajiwasha mtu akiwa na mkono kwenye mkanda wa feni. Kuchomoa soketi ile kunalifanya gari liamini kwamba boneti liko wazi, na taa unayoiona ndiyo lalamiko lake. Injini haitadhurika. Tatizo ni kwamba taa ile ile ndiyo ingekuonyesha hitilafu ya kweli ya mfumo, na sasa imeshazoeleka machoni. Zaidi ya hapo, kama gari lina king’ora cha wizi, swichi hiyo hiyo mara nyingi ndiyo inayokilindia boneti.

Pia njia hii haifanyi kazi kwa magari yote. Baadhi ya swichi zinafungua mzunguko boneti likiwa wazi, nyingine zinaufunga, na kwa hizo za pili kuchomoa soketi ni sawa na kuliambia gari boneti limefungwa. Ndiyo maana mwenye gari jingine anaweza kuchomoa na asione kilichobadilika.

Ushauri wetu: irudishe. Pulizia kisafisha terminali kwanza, maana soketi iliyoning’inia wazi mbele ya gari imekula vumbi na maji, kisha ichomeke mpaka ilie “tak”. Kwenye Demio yako shikilia kitufe cha i-stop (jina la Mazda la mfumo huu) mpaka usikie mlio, taa ya chungwa itabaki imewaka na mfumo umefungwa mpaka utakapozima gari. Ukitaka kufunga relei kama tulivyoeleza juu, kumbuka mlio huo: nusu sekunde haitoshi kwa Mazda, pima kwa saa muda unaoshikilia kitufe na uongeze kidogo.

Kuna mafundi wanaochomoa soketi ndogo iliyo kwenye klampu ya hasi ya betri. Hiyo kataa. Ile ni sensa inayoieleza kompyuta betri imebaki na chaji kiasi gani, na altaneta inachaji kwa kuifuata. Ukiichomoa, mfumo wa kujizima utakufa kweli, lakini betri itachajiwa kwa kubahatisha.

SWALI: Betri ya gari langu imeandikwa N-55 na imekufa. Duka moja limeniuzia ya kawaida ya NS60, wanasema ni sawa. Mfumo nimeshaufunga. Nimepigwa? (Msomaji, Usa River)

JIBU: Kwa ukubwa, wako sahihi. Herufi kwenye betri za Japani za mfumo huu inataja umbo: M ni B20, N ni B24, Q ni D23, S ni D26. NS60 ni jina la zamani la B24, kwa hiyo inakaa kwenye trei ile ile. Angalia tu chanya iko upande gani, maana waya fupi haivutiki.

Kwa kazi, haziko sawa. N-55 imejengwa ivumilie kuwasha injini mara nyingi kwa siku na kupokea chaji kwa haraka. Ya kawaida ikiwekwa kwenye gari linalojizima huchoka mapema. Wewe umeshaufunga mfumo, basi NS60 itakufaa, ila usije ukaufungua tena kabla ya kurudisha betri ya aina yake. Kama betri iliyotoka ingekuwa na maandishi AGM (betri ambazo asidi yake imenyonywa na mikeka ya nyuzi za kioo), tungekwambia urudi dukani: hizo badilisha kwa AGM tu.

Itunze kwa kuipima. Gari likilala usiku mzima, asubuhi kabla ya kufungua mlango multimita isome volti 12.6 hadi 12.7. Ikisoma 12.4 imebaki kama robo tatu, 12.2 ni nusu. Ukiwasha, mwambie mwenzako aangalie: ikishuka chini ya 9.6 wakati stata inazunguka, betri imechoka au terminali zimeshika kutu. Injini ikinguruma utaona kati ya 13.8 na 14.6 mara nyingi, lakini usishtuke ukiona 12.8 ukiwa barabarani, kwa sababu altaneta za magari haya hupunguza chaji kwa makusudi betri ikijaa. Mafundi wengi wamebadilisha altaneta nzima kwa sababu ya namba hiyo.

Mkibusti betri kwa gari lingine, klampu nyeusi ishike chuma cha injini au bodi, isishike nguzo ya hasi, ili mkondo usiikwepe ile sensa. Na kabla ya kufungua betri yoyote kwenye gari lenye redio ya ramani ya Kijapani, unganisha betri ndogo ya akiba kushikilia umeme. Redio nyingi zikikatiwa umeme hudai diski au kadi ya ramani ambayo ilibaki Japani, na hapo ndipo inapobidi kununua redio nyingine. Kwa Nissan, baada ya kuweka betri mpya, aliye na mashine ya kusoma kompyuta afute hesabu ya mkondo uliotumika kwenye betri ya zamani, la sivyo gari litaendelea kuihesabu mpya kama kuukuu.

SWALI: Mwezi wa pili Moshi mjini gari halizimi kabisa hata nikisimama dakika tano. Nikija Arusha jioni linazima vizuri. Mfumo umeharibika? (Msomaji, Soweto, Moshi)

JIBU: Haujaharibika. Joto la Februari Moshi na kiyoyozi kikiwa juu, kompreza inahitaji injini, na kompyuta inakataa kuizima mpaka ndani ya gari kupoe. Arusha iko juu zaidi na jioni ina ubaridi. Vizuizi vingine ni injini isiyopata moto, mkanda wa dereva kufunguliwa, usukani uliokatwa sana na mteremko mkali. Lakini ikitokea siku halizimi popote, asubuhi wala jioni, AC ikiwa imezimwa na injini ina moto, pima betri. Mara nyingi ndiyo dalili ya kwanza, wiki kadhaa kabla stata haijaanza kuzunguka kivivu.

Kwa wanaouliza kama wanapoteza mafuta kwa kuufunga: injini ndogo ikinguruma bila AC hula takriban lita 0.6 kwa saa. Ukisimama jumla ya dakika 10 kwa siku, ni lita 0.1, na kwa siku 26 za kazi lita 2.6. Zidisha kwa bei ya pampu ya kwenu, kisha linganisha na tofauti ya bei kati ya N-55 na NS60. Kwa foleni za Moshi tunaona kuufunga hakukugharimu kitu. Anayeshinda mjini Arusha akibeba abiria ana sababu ya kuuacha, mradi anunue betri inayostahili.

SWALI: Aqua yangu nayo inazima ikisimama. Relei ile itafaa? (Msomaji, Himo)

JIBU: Hapana, usiguse chochote. Aqua ni haibridi. Kuzima injini ndiyo namna inavyotembea, mota ya umeme ndiyo inayoisukuma mwanzoni. Waya za rangi ya chungwa utakazokutana nazo zina umeme wa kuua mtu. Kama injini inawaka na kuzima kila baada ya muda mfupi hata ukiwa umesimama, ipelekwe kwa fundi wa haibridi apime betri kubwa. Wakati ukisubiri, toa takataka kwenye tundu la hewa lililo pembeni ya kiti cha nyuma na usiliwekee mizigo, maana betri hiyo inapozwa na hewa inayoingia hapo.