Wadogo zangu wa PM2.5, akina mama hawadanganyi

Juzi kijana wetu wa uzamili aliniletea grafu ya moshi wa majiko, uso umemchangamka kama mtu aliyeokota pesa. "Dada, hebu ona. Dodoso linasema wanapika saa moja usiku, kifaa kinasema saa kumi jioni. Hawa akina mama wanadanganya."

Nilinyamaza kidogo, maana maneno hayo niliwahi kuyasema mimi, tena mbele ya mama mwenyewe. Ndiyo sababu nawaandikia ninyi mnaoanza kubeba pampu za kuvuta hewa kwenda mitaani kupima PM2.5, zile chembe ndogo za moshi na vumbi zisizozidi maikromita 2.5. Kibali cha NIMR, taasisi ya utafiti wa magonjwa, mnacho, fomu za ridhaa mnazo, kwa mjumbe mmeshapita. Hayo sirudii.

1. Saa. Vifaa vingi vya leza tunavyotumia kupimia chembe hewani hutunza muda kwa UTC, saa ya kimataifa, na sisi tuko mbele kwa saa tatu. Mlifundishwa hilo, hata mimi nilifundishwa. Shida ni kwamba washiriki wetu wanahesabu saa za Kiswahili, kwa hiyo kila namba ya kifaa unaitafsiri kichwani, na ukishatafsiri mara moja unajiona umemaliza kazi. Unaona 16:00, unasema saa kumi jioni, unaendelea. Kumbe hiyo 16:00 ya UTC ni saa moja usiku ya Dar es Salaam.

Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa napima Manzese, kwenye nyumba za kupanga, majiko ya mkaa yamepangwa koridoni. Mshiriki wangu mmoja alikuwa mama muuza vitumbua. Kifaa nilikitundika kwenye msumari, usawa wa pua yake akiwa amekaa kwenye kigoda, kwa sababu pale ndipo anapovutia pumzi. Ukuta nyuma ya jiko ulikuwa umeshika masizi mpaka unang'aa. Alinikaribisha vizuri, na kila asubuhi alikuwa anaangalia kama taa ya kifaa inawaka, akiona imezima ananibipu.

Data ikaja. Kilele cha kwanza 02:00, cha pili 16:00. Yeye alikuwa ameniambia anawasha jiko saa kumi na moja alfajiri, na jioni anapika saa moja. Ile 02:00 nikajielezea mwenyewe: muuza vitumbua huyu, bila shaka anaamka saa nane usiku. Tazameni hapo. Namba ilikuwa inanipigia kelele, na mimi nikaitafutia sababu ili inyamaze. Ile ya jioni nikamrudia nayo nyumbani kwake, na jirani yake amekaa hapo hapo anasikia.

"Mama, kifaa kinaonyesha ulipika saa kumi."

"Saa kumi nakuwa Tandale, mwanangu, nanunua mchele wa kesho."

"Lakini kifaa kinaonyesha."

"Jiko nawasha nikishaswali Magharibi."

Magharibi! Mtu amenipa ushahidi unaoweza kukaguliwa kwa kutazama jua, na mimi bado nikaonyesha grafu kwenye kishikwambi. Akaiangalia, akafunika beseni lake la unga, akasema, "Basi andika kinavyosema hicho kifaa chako." Wiki iliyofuata alijitoa kwenye utafiti. Fomu ya ridhaa inampa haki hiyo bila kutoa sababu, na hakutoa. Sababu nilikuwa naijua.

Kwa nyumba zilizobaki nilifanya vibaya zaidi. Nilifuta muda waliousema washiriki, nikaweka wa kifaa, na kwenye rasimu ya ripoti nikaandika kwamba taarifa zao kuhusu muda wa kupika haziaminiki.

Miezi kadhaa baadaye umeme ulikatika ofisini saa nane mchana. Jenereta ikawashwa chini ya dirisha, na moshi wote ukaingia ndani. Kifaa cha akiba kilikuwa kimewashwa mezani kwangu. Kesho yake nikapakua data: kilele kipo 11:00. Saa tano asubuhi? Mbona moshi ule niliuvuta mwenyewe, saa nane, sahani ya chakula mkononi? Niliongeza saa tatu kwenye faili la Manzese, na vilele vikakaa nyumba baada ya nyumba pale pale waliposema. Nililia, siwafichi. Rasimu niliirekebisha, madodoso ya awali yalikuwepo kabatini kwa hiyo muda wao niliurudisha, halafu nikapanda daladala kwenda Manzese kuomba radhi. Alinisikiliza akiendelea kukaanga. "Nilikwambia," akasema. Kwenye utafiti hakurudi.

Kwa hiyo: dodoso liandikwe "saa 1 usiku" na pembeni 19:00, vyote viwili. Uliza pia adhana, kengele ya shule, taarifa ya habari. Na kabla ya kwenda mtaani, washa kiberiti mbele ya kila kifaa, andika muda kwa saa yako ya mkononi, pakua, linganisha. Ni dakika tano tu.

2. Pampu. Pima flo, yaani kasi ya hewa inayopita, kabla na baada, siyo kabla tu. Saikloni, kile kidude kinachozungusha hewa ili chembe kubwa zisifike kwenye filta, inakata kwenye maikromita 2.5 pale tu hewa inapopita kwa kasi yake iliyopangwa. Betri ikichoka, flo ikashuka, chembe kubwa zaidi zinapenya hadi kwenye filta na wewe unaziita PM2.5.

3. Filta tupu, ile isiyopitishwa hewa. Ibebe, ifungue, ifunge, rudi nayo ikapimwe. Mkono na safari peke yake vinaongeza maikrogramu.

4. Masika. Chembe hunyonya unyevu zikavimba, na leza inaona chembe kubwa. Msiniletee wastani wa Aprili kabla kifaa hakijakaa siku kadhaa ubavuni mwa kifaa cha rejea, kile cha kuaminika tunacholinganishia.

5. Viwango. WHO tangu 2021 inasema wastani wa PM2.5 usizidi maikrogramu 5 kwa mita ya ujazo kwa mwaka, na 15 kwa saa 24. Saa moja ya kukaanga vitumbua hailinganishwi na wastani wa mwaka. Kila mwaka kuna anayefanya hivyo, na kila mwaka nasahihisha kwa kalamu nyekundu.

6. Moshi hauna mwenyewe. Someni jaribio la Malawi, Chikwawa na Karonga, lililotoka kwenye jarida la tiba la Lancet mwaka 2017. Watoto zaidi ya 10,000, familia zikapewa majiko bora, na nimonia kwa watoto chini ya miaka mitano haikupungua. Kubadilisha jiko siyo kubadilisha hewa: jirani anachoma takataka, koroboi inawaka, barabara ina vumbi. Sisi tulikuwa na nyumba moja inayopikia gesi, safi kabisa, lakini kila usiku namba zinapanda na hazishuki mpaka karibu alfajiri. Kijana wetu alishasema kifaa kibovu, akabadilisha viwili. Mtoto wa pale, wa darasa la pili hivi, ndiye aliyetuonyesha chini ya kitanda: dawa ya mbu ya kuwasha, ile ya msokoto. Dodoso letu lilikuwa na maswali mengi kuhusu jiko, na hakuna hata moja lililouliza unalalaje. Sasa lipo, pamoja na la udi na ubani.

Turudi kwa grafu ya juzi. Nilimwambia aongeze saa tatu. Aliongeza, vilele vikahamia saa moja usiku, akabaki ameduwaa. Nikamuuliza kama ameshamwambia mshiriki yeyote kwamba anadanganya.

"Wawili, dada."

Jumamosi tunakwenda naye.