Nani alimtoa Bob Marley?

SWALI: Shikamoo mhariri. Barazani kwetu Langoni tumebishana mpaka kahawa ikapoa, mmoja asema Bob Marley alitolewa na mzungu mwenye kampuni ya rekodi, mwengine asema uongo mtupu. Tuamulie.
Msomaji, Lamu

JIBU: Marahaba mwanangu. Nyote mna nusu. Mzungu mwenyewe ni Chris Blackwell, kazaliwa London 1937 lakini kakulia Jamaica, na kampuni yake ya rekodi, Island Records, aliianzisha hukohuko 1959. Mwaka 1962 akahamia London, santuri anazipakia kwenye gari anazungusha duka kwa duka mwenyewe, na bosi ndio yeye! Wimbo wa 1964 wa Millie Small, mwimbaji wa Jamaica, ndio ulomfungulia njia.

Sasa Wailers, bendi yake Bob Marley, hao Jamaica walishavuma zamani, ila 1972 walikuwa wamekwama London hawana pesa, Blackwell akawapa pauni 4,000 wakarekodi albamu kwao, watu wakamwambia hizo zishaliwa, wapi, jamaa wakamletea kazi. Halafu akaiongeza gitaa la roki ili wazungu waipende, hapo mimi simpi maksi zote. Kampuni aliiuza kwa PolyGram 1989.