Kamera kuukuu: Leica ya dhahabu, kuvu na pazia lililotoboka

Barua za safari hii karibu zote ni za renjifainda, zile kamera za filamu ambazo ukichungulia kidirishani unaona kiraka cha katikati chenye picha mbili, nawe unazungusha lenzi mpaka picha hizo zilaliane. Wengine mnataka tu niwaambie "nunua Leica", ile ya Kijerumani, tumalizane. Siwezi. Leica mbovu ni kamera mbovu yenye jina zuri.

Nina shilingi elfu ishirini. Nianze na ipi? (Msomaji, South B)

Tafuta za Kijapani zenye lenzi isiyotoka. Mbili zinaonekana sana mikononi mwa watu: Yashica Electro 35, iliyoingia sokoni mwaka 1966, na Canonet QL17 GIII ya mwaka 1972. Zote zina lenzi ya f/1.7, yaani inayofunguka sana kupitisha mwanga, kwa hiyo ukiweka filamu ya ISO 400, inayonasa mwanga haraka, unaweza kupiga picha ndani ya matatu jioni bila flashi. Shata zao, yaani milango inayofunguka kupitisha mwanga, ziko ndani ya lenzi na hazina kelele. Abiria wa kiti cha mbele hatageuka.

Mimi ningechukua Canonet. Betri ikiisha, bado utachagua apacha (upana wa tundu la lenzi) na spidi ya shata mwenyewe na kazi itaendelea. Electro haiko hivyo. Wewe unachagua apacha, yenyewe inachagua spidi kwa umeme, na bila betri inabaki na spidi moja tu, 1/500 ya sekunde. Ukiipenda Electro hata hivyo, na wengi huipenda kwa lenzi yake, fanya jambo moja dukani: vuta mkono wa filamu polepole usikilize. Karibu na mwisho wa mvuto inatakiwa itoe mlio mzito, "tok". Usipousikia, ujue kipande kidogo cha mpira kilicho ndani kimeoza, na spidi zake zitakuwa za kubahatisha. Inatengenezeka, lakini fundi lazima aifungue yote, na gharama hiyo iwe kwenye bei mnayopatana.

Halafu usimalize elfu ishirini yote kwenye kamera. Bakisha walau robo kwa fundi na filamu. Kamera ya miaka hamsini ambayo haijawahi kusafishwa itadai haki yake, kama si leo basi mwezi ujao.

Kuna mzee Eastleigh anauza Leica ya dhahabu yenye nembo ya jeshi la Ujerumani, anasema ilikuwa ya rubani wa vita. Anataka laki moja na nusu. Ni ya kweli? (Kijana wa Pangani)

Sijaiona, lakini usiende na pesa mfukoni.

Mwaka 1934, huko Kharkiv nchini Ukraini, vijana waliookotwa mitaani na kulelewa katika kituo cha kazi walianza kutengeneza nakala ya Leica II. Kamera hiyo waliiita FED, herufi za kwanza za jina la Felix Edmundovich Dzerzhinsky, mwanzilishi wa polisi wa siri wa Kisovieti. Baada ya vita, mwaka 1948, kiwanda cha Krasnogorsk karibu na Moscow kikatoa nakala yake, Zorki. Hizi hazikuwa bandia. Ziliuzwa kwa majina yake halali, na nyingi ni kamera nzuri tu. Ubandia ulikuja baadaye, watu walipozikwangua majina, wakazipaka rangi ya dhahabu, wakachora tai, nanga au maneno ya Kijerumani, na kuziuzia watalii. Zimetapakaa dunia nzima, na sioni kwa nini Nairobi ikose zake.

Mwombe huyo mzee, kwa adabu, akuruhusu ufungue lenzi. Inazunguka kama kifuniko cha chupa. Tazama ndani ya mdomo wa kamera, upande wa juu. Hapo pana kidude kinachoguswa na lenzi ili kusogeza kile kiraka cha kidirishani. Kwenye Leica halisi kina gurudumu dogo la mviringo mwishoni. Kwenye FED na Zorki ni ulimi wa chuma uliochongoka, hauna gurudumu. Ukiona ulimi, mazungumzo ya rubani yameisha.

Tena, Leica za dhahabu ambazo kiwanda kilizitoa kabla ya vita, ile Luxus ya kuanzia 1929, zilikuwa chache mno, na karibu zote zilitokana na Leica I, ambayo haina renjifainda iliyounganishwa na lenzi. Hiyo ilikuja na Leica II mwaka 1932. Kwa hiyo dhahabu, rubani na renjifainda kwa pamoja karibu kila mara ni hadithi iliyotungwa na mtu asiyesoma.

Kama ni FED au Zorki inayofanya kazi na rangi yenyewe imekupendeza, nunua kwa bei ya FED. Mzee naye usimwite mwizi. Huenda aliuziwa mbuzi kwenye gunia kama alivyotaka kukuuzia wewe.

Muuzaji ananipa dakika tano tu nikague. Niangalie nini? (Dada wa Ngara)

Dakika tano zinatosha ukijua pa kuanzia, nawe uanze na kile ambacho fundi hawezi kukurudishia, yaani kioo. Fungua apacha yote, washa tochi ya simu, imulike kutoka nyuma ya lenzi huku ukitazama kwa mbele, ukiinamisha kidogo. Vumbi lisikutie hofu. Nyuzi nyuzi kama za buibui ni kuvu. Weupe uliosambaa kama pumzi kwenye dirisha ni ukungu wa mafuta, na mara nyingi husafishika. Mikwaruzo mingi kwenye kioo cha mbele haitoki kamwe, na picha zako zitakuwa zimefifia kila jua likiwa mbele yako.

Kisha toka nje. Elekeza kamera kwenye kitu cha mbali sana chenye mstari wa kusimama: kilele cha jengo la KICC ukiwa mbali nacho, au mnara wa simu juu ya kilima. Zungusha lenzi hadi mwisho, kwenye alama ya masafa yasiyo na kikomo. Picha mbili zilaliane barabara. Zikipishana kushoto na kulia, kwa kawaida ni marekebisho ya skrubu moja. Zikipishana juu na chini, kazi ni ngumu zaidi, maana kamera pengine ilianguka. Kiraka kikiwa hafifu hata hukioni, hapo mimi ningeshukuru na kuondoka. Kioo cha ndani kikishachakaa kukibadilisha ni shughuli, na bila kiraka hicho umenunua pambo la kabati.

Rudi ndani, sikiliza spidi za polepole. Sekunde moja iwe sekunde moja kweli. Ikikwama katikati, au ikilia kwa kusuasua, grisi imekauka. Kasoro hiyo isikukimbize, ila ikupe sauti ya kuomba bei ishuke.

Kwenye Zorki na FED, vuta filamu kwanza ndipo ugeuze gurudumu la spidi. Ukigeuza kabla ya kuvuta unaweza kuharibu mitambo, na muuzaji atasema umeivunja wewe. Atakuwa amesema kweli.

Mwisho fungua mgongo. Kamera nyingi za Kijapani za miaka ya sitini na sabini zina sponji za kuzuia mwanga zilizogeuka kitu cheusi kinachonata kama lami. Kubadilisha sponji ni kazi ya nyumbani ya jioni moja.

Nimenunua lenzi Mombasa, nimefika nayo Nairobi naona ina kuvu. Itaambukiza nyingine? (Buruburu)

Mbegu za kuvu ziko hewani kila mahali, kwa hiyo hofu ya kuambukiza imetiwa chumvi. Kinacholisha kuvu ni unyevu na giza. Pwani ni makao yake, lakini nasi hapa, Machi hadi Mei na tena Oktoba hadi Desemba, hatuko salama sana. Ikiwa changa, fundi huisafisha na kioo kikarudi. Ikikaa miaka, hula ule utando wa rangi ulio juu ya kioo, na hapo alama hubaki hata kuvu yenyewe ikifa.

Kitu cha kutupa leo hii ni mfuko wa ngozi ambao lenzi ilikuja nao. Najua ni mzuri, na unanukia uzee. Ngozi hunyonya unyevu na kuukumbatisha kwenye lenzi. Weka kamera kwenye boksi la plastiki linalofunga vizuri pamoja na pakiti za silika za kunyonya unyevu, na uitoe uitumie.

Nina Leica M ya rafiki na nataka kuifungia lenzi ya Kirusi ya bei nafuu. Inawezekana? (Kilimani)

Inawezekana, ila hapa pana mashimo matatu, na wauzaji wengi hawayajui hata wao.

Leica za awali na nakala zake hutumia lenzi za skrubu ya milimita 39. Leica M, kuanzia M3 ya 1954, hutumia mdomo mwingine wa kushikia lenzi, lakini watengenezaji waliupunguza umbali wa lenzi hadi filamu kutoka milimita 28.8 hadi 27.8 makusudi, ili pete ya milimita moja iweze kuziunganisha. Pete hiyo ndiyo utakayonunua. Hakikisha ni ya urefu wa fokasi wa lenzi yako, kama 50mm, kwa sababu ndiyo inayoiambia kamera ionyeshe fremu ipi kidirishani.

Shimo la kwanza: zipo lenzi za Kisovieti zenye skrubu hiyo hiyo ya 39 lakini za kamera za Zenit, ambazo zina kioo cha kuakisi mwanga ndani na umbali wa milimita 45.2. Itaingia, itafunga vizuri, na hakuna picha hata moja itakayokuwa kali. La pili: Jupiter-8 ya 50mm f/2, lenzi ninayoipenda kuliko zote za bei yake, ilitengenezwa pia kwa mdomo wa Kiev, kamera ya Kisovieti ambayo ni nakala ya Contax ya Kijerumani. Hiyo haina skrubu kabisa. Muulize muuzaji akupigie picha ya mgongo wa lenzi, si ya uso wake.

La tatu halina dawa rahisi. Renjifainda za Kisovieti zilipimwa kwa kipimo tofauti kidogo na cha Leica. Mbali hutagundua. Ukimpiga mtu picha kutoka mita moja huku apacha ikiwa wazi kabisa, utalenga jicho na sikio ndilo litakalotokea kali. Funga apacha hadi f/5.6 au rudi nyuma hatua mbili. Kwenye kamera ya dijitali isiyo na kioo hicho cha ndani tatizo hilo halipo, maana unatazama kupitia lenzi yenyewe.

Betri ya kamera yangu haipatikani popote. (Kahawa West)

Ilikuwa ya zebaki, volti 1.35, na imeondolewa sokoni kwa sababu ya sumu. Betri ya kawaida ya volti 1.5 itaingia lakini mita ya kupima mwanga itakudanganya. Ulizia betri za vifaa vya kusikia, namba 675, za volti 1.4, zungushia pete ndogo ikae sawa. Huisha haraka, lakini hazina gharama ya kuumiza. Au iache mita kabisa: jua la mchana Nairobi, anga safi, weka apacha 16 na spidi iliyo karibu na namba ya ISO ya filamu.

Nikiagiza kutoka Japani, ushuru ukoje? (Rongai)

Hesabu kodi juu ya bei ya kamera pamoja na usafiri na bima, si bei ya kamera peke yake. VAT ni asilimia 16, na juu yake kuna ushuru wa forodha na ada nyingine. Fanya hesabu hiyo kabla ya kubonyeza, na usimwombe muuzaji aandike bei ya uongo. Kifurushi kikipotea, utalipwa hiyo bei ya uongo.

Marehemu baba alikuwa na studio River Road. Ameacha kamera mbili na masanduku ya makaratasi na filamu. Kamera zina thamani gani? (Lang'ata)

Pole sana kwa msiba. Nitumie picha za kamera, juu na mbele, nitakwambia ni za aina gani. Lakini dada yangu, masanduku hayo usiyaguse kwa haraka, na usimruhusu mtu "akusaidie kusafisha chumba". Priya Ramrakha, mpiga picha wa hapa Nairobi aliyeuawa kwenye vita vya Biafra, Nigeria, mwaka 1968 akiwa kazini, sehemu kubwa ya kazi yake ilikutwa miaka mingi baadaye katika gereji ya mji huu huu. Negativu za studio ya River Road ni harusi, ni vitambulisho, ni watoto ambao leo ni mababu. Kamera utapata nyingine kama hizo. Negativu hizo hazina nakala. Zitoe kwenye plastiki zinazonata, ziweke kwenye bahasha za karatasi mahali pakavu, na uandike kila jina ambalo mama bado analikumbuka.

Picha zangu zote zina nukta nyeupe mahali pamoja. Filamu ni mbovu? (Umoja)

Filamu haina kosa. Kama shata ya kamera yako ni pazia la kitambaa, limetobolewa na jua. Renjifainda haina kioo cha kukinga, na lenzi iliyoelekezwa juani hukusanya miale juu ya kitambaa kama lenzi ya kuwashia karatasi. Kwa jua letu hili la karibu na ikweta haihitaji muda mrefu.

Toa lenzi, fungua mgongo chumbani penye giza, washa tochi upande wa mbele. Ukiona kinyota, hapo ndipo. Tundu dogo fundi huziba kwa rangi maalumu nyeusi ya mpira. Usijaribu rangi ya kucha, ikikauka hukakamaa na pazia litakwama. Na ukitembea mchana, funika lenzi, au geuza apacha iwe ndogo na masafa yawe ya karibu kabla ya kuiachia kamera ining'inie kifuani.