Kwa Mwanangu Anayetaka Kuhamia Elimu Maalumu

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza kama uache darasa la kawaida uende kuwahudumia watoto wa lugha mbalimbali na wenye ulemavu, na kama mtu anaweza kuifanya kazi hiyo hadi kustaafu bila kuchoka. Kuchoka utachoka. Si ulikuwa ukiniona nikirudi na mafaili kwapani, nasinzia na viatu miguuni? Lakini kila nikishika kalamu nikujibu, anayenijia ni yule binti wa kadi za picha, ambaye baba yako amekwisha kumsikia hadi basi.

Alikuwa mgeni shuleni, kimya, na walimu walishaanza kumwita mzito. Wakampima kwa lugha ya shule. Anaoneshwa picha, ataje, anaitazama, hasemi, sufuri. Kikao kikaitwa. Mama yake akaketishwa mwisho wa meza, na mkalimani akawa kaka yake binti, naye mwanafunzi vilevile. Kijana yule ndiye aliyeambiwa amweleze mama yake kwamba dada yake ana upungufu wa akili! Akaikodolea macho fomu, akasema maneno mawili matatu, mama akaitikia kwa kichwa, akatia sahihi. Hadi leo roho inaniuma.

Mimi sikusaini. Mama mmoja wa usafi aliijua lugha yao, nikamwomba akae na binti na kadi zilezile. Mwanangu, ungeona! Alizipanga upya mezani, akatunga hadithi moja ndefu iliyopita kwenye picha zote, na mama wa usafi alipokosea jina la mnyama, binti akamsahihisha na kumrudisha kadi mbili nyuma ili hadithi isiharibike. Huyo ndiye mzito?

Nimesema na nitasema tena: mtoto apimwe kwa lugha anayowazia. Jim Cummins, mtafiti wa Kanada wa elimu ya watoto wa lugha mbili, alionyesha kwamba lugha ya kuzungumza na wenzake mtoto huipata kwa miaka 2 hivi, lakini ile ya vitabu na mitihani huchukua miaka 5 hadi 7. Na ulemavu wa lugha ulio wa kweli huonekana katika lugha zote za mtoto, hauji na ile ya shule peke yake.

Hapo najipinga mwenyewe. Palikuwa na mvulana ambaye kila mtu alisema, “Ni lugha tu, atazoea.” Wakangoja, wakangoja. Alipokuja kupimwa masikio, kumbe usikivu wake ulikuwa hafifu muda wote. Kwa hiyo kungoja nako ni dhuluma. Anza na masikio na macho, kisha muulize mzazi: alianza kusema lini, nyumbani anaelewana vipi na ndugu zake?

Na kiziwi je? Mwaka 1880, kwenye mkutano kule Milan, Italia, walimu wa viziwi walipiga kura lugha ya alama iondolewe madarasani, na watoto wakalipa gharama ya kura ile kwa vizazi. Ndiyo maana nilifurahi Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu wa mwaka 2006 ulipozitaka nchi ziwezeshe lugha ya alama kufundishwa. Sasa mtoto kiziwi aliyehama nchi na lugha yake ya alama, utamweka kwenye faili la lugha au la ulemavu? Ofisi nyingi zimetenganisha mafaili hayo, na mtoto wa namna hiyo hupotelea katikati. Anahitaji mtu mmoja anayeyasoma yote mawili.

Baba yako kanikataza kukuamulia, na nimemwahidi. Ningekuwa na ruhusa, ungeshajua nilichotaka kusema. Basi ukienda kwenye usaili, wakimaliza maswali yao, waulize wewe: mzazi asiyejua lugha ya shule akiitwa kikaoni, nani humtafsiria? Wakisema mtoto wake, uliza tena kama wako tayari kuacha. Kisha uniandikie walivyojibu.

Mama yako