Mdogo wangu, hujarogwa

Juzi msomaji mmoja kaniandikia: "Dada, tangu nihamishwe kikazi nalia ovyo, simu za mama sipokei. Au nimerogwa?" Nimeusoma ujumbe ule mara tatu. Mdogo wangu, hujarogwa. Hapo ulipo nimepita.

Nilipopewa talaka kule Ujiji, nilipanda treni kuja kwa kaka yangu hapa Tabora na mabegi mawili na dumu la mawese. Mwanzoni nilijikaza. Mwezi wa pili nikaanza kukosa usingizi. Nikisikia honi ya treni ya Kigoma moyo unakwenda mbio hadi alfajiri. Siku moja wifi kaniachia sinia la dagaa nichambue. Aliporudi kutoka sokoni alinikuta nimeshika dagaa mmoja mkononi, sisimizi wametapakaa sinia zima. Sikuwa nimewaona.

Shangazi akasema najidekeza, wenzangu wameachika na watoto watano na wanalima. Neno lile linaniuma hadi leo, sifichi.

Wifi ndiye aliyenikokota hospitali. Nilijua ni malaria. Kipimo hakikuonyesha kitu. Muuguzi wa afya ya akili akaniuliza: "Miezi hii mitatu nini kimebadilika kwako?" Nikalia kabla ya kujibu. Akanieleza kuwa talaka, msiba, uhamisho au kufukuzwa kazi vinaweza kumlemea mtu akashindwa kuzoea hali mpya. Dalili huanza ndani ya miezi 3, na mara nyingi hutulia ndani ya miezi 6 tangu chanzo kiishe. Si wazimu, na si uvivu.

Kilichonisaidia ni kuongea. Kila Alhamisi nilikuwa kwake. Nyumbani nikajilazimisha kuamka saa ileile na kuoga, hata siku nisiyotaka kuonana na mtu. Leo nina genge langu, mawese naletewa kutoka Kigoma, na honi ile nikiisikia najua mzigo umefika.

Kwa hiyo ongeeni, jamani! Tunakufa na tai shingoni, wanaume hasa. Ongea na mtu asiyekucheka. Na nyie mashangazi, mtu akinyamaza siku nyingi msimwite mvivu, mkaeni karibu. Ukianza kuwaza bora ufe, usingoje kupambazuke: mwamshe mtu, akupeleke hospitali usiku huohuo.

Mdogo wangu, mama akipiga leo, pokea. Hata kama utalia tu, pokea.